Mnunuzi wa Kumi na Mbili

Wifi yangu ana maneno machache na mkono mwepesi. Mimi ni kinyume chake, mdomo wangu haujui likizo. Yeye fundi cherehani, mimi nina duka la kutoa kopi, na kati yetu pana ukuta mwembamba. Akikanyaga cherehani yake, karatasi zangu zinatetemeka. Kaka yangu alipomwoa nilisema huyu hatatuweza. Leo kaka hayupo duniani, na sisi wawili tumebaki pete na kidole.

Mwaka jana alianza kuniita dirishani: "Wifi, hebu njoo unitungie uzi." Mara ya kwanza sikujali. Ilipofika mara kumi kwa siku nikamfokea, mimi nina wateja, hiyo sindano yako ina nini? Akanijibu taratibu kwamba sindano haina kitu, macho ndiyo yenye kitu. Daktari alishamwambia ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Alikaa na habari hiyo miezi mitatu bila kuniambia. Nilimkasirikia sana, kisha nikaenda nyuma ya mashine ya kopi nikalia.

Sasa fundi asiyeliona tundu la sindano atakula nini? Hilo ndilo lililomnyima raha, maana kuomba hajui na hataki kujifunza.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa kompyuta, ndiye aliyetupa njia. Alisema wifi afungue blogu, aandike anayoyajua kuhusu ushonaji, halafu aweke linki za vifaa vinavyouzwa kwenye duka la mtandaoni. Msomaji akibonyeza na kununua, duka linampa wifi kamisheni.

"Kama dalali," wifi alisema.

"Kama dalali," mwalimu alikubali, "ila hufukuzani na watu barabarani."

Wifi akajifunza kwenye kompyuta yangu, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Herufi alizikuza mpaka maneno manne yakajaza kioo. Herufi unaweza kuzikuza, tundu la sindano huwezi. Makala ya kwanza, namna ya kuchagua mkasi wa kitambaa, ilimchukua wiki tatu. Juu kabisa aliandika: "Ukinunua kupitia hapa, duka litanipa kidogo. Bei yako haibadiliki." Nikamwambia hayo ya nini, unawashtua watu bure. Akaendelea kuchapa.

Nikamwambia pia aweke linki za cherehani kubwa za umeme, huko ndiko kwenye kamisheni nono.

"Sijazishonea hizo," alisema. "Nikimwambia mtu anunue nisichokijua, kesho nitamtazama vipi?"

"Wifi, huyo mtu humwoni wala hakuoni."

"Ndiyo maana."

Mwishoni aliongeza aya fupi kwa wenye mashoto, kwamba mkasi wa kawaida unawaumiza kidole gumba na upo mkasi uliotengenezwa kwa mkono wa kushoto. Hiyo nilimshauri aifute kabisa. Nani atasoma mpaka huko chini? Akaiacha.

Miezi miwili ikapita. Kila asubuhi anafungua akaunti yake ya kamisheni, anakuta sifuri. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema, nami namjibu kwamba hicho chake kimelala fofofo. Kisha siku moja nikamwona anarudisha gauni la bibi harusi likiwa halijaisha. Mshono wa kiunoni ulikuwa umempotea, ameufumua mara tatu. Alimwomba mwenye gauni msamaha akiwa amesimama wima, na mimi moyo ukanipasuka.

Kwetu ndugu akifungua biashara, ukoo ndio mteja wa kwanza. Nikapiga simu kote. Shangazi, mabinamu, mama yangu, wakaja dukani kwangu, maana kununua mtandaoni hawajui. Nikawaagizia wote kwa kompyuta ileile, mizigo ije dukani kwangu. Baba mdogo, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, alinunua sindano za kutarizi. Jumla watu kumi na mmoja, na wote niliwafunga mdomo wasimwambie.

Wifi alipofungua akaunti akanishika mkono. "Watu kumi na wawili, wifi. Wamesoma, wakaniamini." Siku ile alishona huku anaimba. Mimi hesabu hata sikuisikia, nilikuwa najipongeza tu.

Siku ya nne ikaja barua pepe. Macho yake yalikuwa yamechoka, akaniomba nimsomee. Akaunti imefungwa. Manunuzi kumi na moja yamefanywa kwenye kompyuta ileile iliyotumika kufungua akaunti, na mizigo imekwenda mahali pamoja. Sheria hairuhusu mtu kujinunulia kupitia linki yake. Nikamweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nilitumia maneno machache.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kumbe hakuna aliyenisoma. Mlikuwa mnanionea huruma."

Aliondoka. Nikabaki na ile barua, na aibu tele. Ndipo nikaiona: kumi na moja. Si alisema kumi na wawili? Nikafungua orodha ya manunuzi yote iliyokuja na barua, nikaanza kuwatoa ndugu mmoja mmoja. Akabaki mmoja, mzigo wake umekwenda mji ambao hatuna hata mjomba. Nikazunguka ukuta mbio mbio.

"Wifi, kuna mmoja si wa kwetu."

"Amenunua nini?"

"Mkasi wa mkono wa kushoto."

Aliacha kukanyaga cherehani. "Basi huyo alifika mpaka chini," alisema, na machozi yakamtoka.

Tuliandika kuomba radhi, duka lile likakataa. Sasa wifi amejiunga na duka jingine, dogo zaidi, kwa simu yake mwenyewe. Mimi na ukoo wangu tumepigwa marufuku kununua hata chaki. Kamisheni bado ni ya kudonoa, na uzi bado namtungia.

Juzi aliniita dirishani, nikatoka na miwani tayari kwa sindano. Akanipa simu. "Nisomee kabla sijaiweka. Usirekebishe kitu."

Ilikuwa makala mpya, ya ushonaji kwa wenye mashoto, na ilianza hivi: "Kwako wewe uliyenunua mkasi, nakuandikia wewe." Nilimsomea mpaka chini kabisa, sikugusa hata nukta.