Mbio Zisizo na Mpira

Watanzania wa Barabara ya Zhanqian walimwita Kiguu na Njia, na jina likamkaa. Valeri, Mrusi wa miaka thelathini na mitatu, kiungo aliyewahi kulipwa kwa kucheza mpira, hakuweza kukaa kitini akamaliza kikombe cha chai. Goti linacheza chini ya meza, macho yako mlangoni, mara amesimama, mara yuko nje anatazama mawingu kama mtu mwenye shamba.

Ndivyo alivyozaliwa na ndivyo alivyocheza. Miaka kumi na moja, timu nane, kuanzia mji mdogo kando ya mto Volga, ambako uwanja uliganda miezi mitano, hadi huku Guangzhou, China, ambako timu moja ya daraja la pili ilimleta mwaka 2006 na kumwacha baada ya misimu miwili. Katika miaka yote hiyo alifunga mabao manne. Manne tu! Na usidhani alikuwa mchezaji mbovu. Kazi yake ilikuwa kukimbia bila mpira: anachomoka kushoto, mabeki wawili wanamfuata kama vifaranga, mwenzake anabaki peke yake na kipa. Mwenzake anafunga, mwenzake anabebwa juu juu, Valeri anarudi katikati akifuta jasho. Magazeti ya kwao hayakuandika habari za mbio kama hizo.

Tangu aachwe alikuwa akifungasha majinzi kwa Odilia, mfanyabiashara kutoka Bukoba ambaye wote walimwita Mama Teddy. Siku nyingine aliwatafsiria Warusi wenzake waliokuja kununua buti. Chumba alipanga pamoja na Aloyce, mnunuzi wa nguo kutoka Moshi na kiungo mwenzake katika timu ya Watanzania iliyocheza kila Jumapili. Kiswahili alikiokota humo humo, chote cha uwanjani na cha mizigo: achia, rudi, kaza kamba.

Basi ukaja mwaka 2008. Olimpiki inakaribia, viza zimebana, polisi wako kila mlango wa soko wanadai paspoti. Viza ya Valeri ilikuwa inaisha Jumatano. Lakini kabla ya Jumatano kulikuwa na Jumapili, na Jumapili hiyo wakala kutoka Vietnam angekuja kumtazama akicheza. Akimpenda, mkataba wa mwaka mmoja. Asipompenda, mpira umekwisha, arudi kwao akauze matairi na shemeji yake. Wiki nzima usingizi ulimpaa. Kamba za viatu alizibadilisha mara tatu.

"Kiguu, tulia bwana," Aloyce alimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

Aloyce naye alikuwa na lake. Viza yake ilikuwa imekwisha wiki tatu nyuma. Kila alipoomba kuongezewa aliambiwa meiyou, hakuna. Alikuwa anasubiri kontena lake lipakiwe Jumatatu, kisha ajipeleke mwenyewe uhamiaji, alipe faini, aondoke. Akikamatwa kabla, akiba yake yote ingebaki ghalani bila mwenyewe.

"Wewe usicheze Jumapili," Valeri alimwambia. "Polisi mingi."

"Nisipocheza, nani atakupa pasi mbele ya huyo laoban, bosi wako?"

Timu ile ilikuwa na desturi yake. Bukta hazina mifuko ya kuaminika, kwa hiyo kila mchezaji alimkabidhi Mama Teddy paspoti yake, naye alizitia zote kwenye begi la nailoni la mistari, lile la shangazi kaja, akaliweka miguuni. Kando yake lilikaa begi jingine la namna hiyo hiyo, la machungwa ya mapumziko.

Hadi dakika ya ishirini Valeri alikuwa anacheza kama kijana. Wakala, mzee mmoja wa kofia nyeupe, alikuwa ameshatoa kalamu. Ndipo polisi watatu wakaingia getini.

Mchezo ukasimama. Polisi walimpita Valeri kana kwamba ni mlingoti wa goli. Mzungu, nani atamuuliza? Walikwenda moja kwa moja kwa Mama Teddy, wakanyoosha mkono kutaka paspoti. Mama Teddy akaanza kusuasua, mara anatafuta miwani, mara anauliza, "Laoban, unataka zote?" Aloyce alisimama katikati ya uwanja.

Valeri alimtazama Aloyce, kisha akamtazama wakala. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Aliutaka mkataba ule kuliko kitu chochote duniani, na alichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Lakini kusimama kulimshinda tangu utotoni.

Alichomoka. Alilinyakua begi la machungwa miguuni pa Mama Teddy na kutimka nalo.

"Kiguu! Una wazimu?" Mama Teddy alipiga kelele.

Polisi wote watatu wakamfuata. Alikata kushoto, akakata kulia, akapita katikati ya vibanda vya supu, goti linawaka moto, anazidi kuwavuta mbali. Hakugeuka nyuma. Alijua mwenzake amebaki peke yake.

Walimkamatia kituo cha basi. Walipofungua begi, machungwa yalibingirika barabarani. Paspoti yake ilipoletwa, viza ilikuwa halali hadi Jumatano, basi wakamfokea na kumkalisha kwenye benchi hadi jioni. Kwa Valeri, hakuna jela iliyozidi hiyo. Alipotoka, wakala alikuwa ameshapanda ndege. Ameona mchezaji anaiba begi na kukimbizwa na polisi, angengoja nini?

Jumanne Mama Teddy alimfuata chumbani.

"Polisi walirudi kukagua, wakakuta paspoti zote safi. Ya Aloyce nilishampa, akaruka nayo uzio. Jana kontena limepakiwa. Leo asubuhi amekwenda uhamiaji kwa miguu yake, amelipa faini, kesho anaruka." Akamshika bega. "Amesema nikwambie amefunga."

Valeri alicheka, halafu akalia waziwazi, mtu mzima na viatu vyake vya mpira mkononi.

Jumatano, uwanja wa ndege, ofisa mmoja wa kike aliitazama viza yake ya kazi.

"Kumbe mcheza mpira? Umefunga mabao mangapi?"

Valeri alisimama wima, goti limetulia.

"Matano," alisema.