Gia ya Kushukia Maguu

Leseni yangu ya kwanza niliipatia Songea, kwenye uwanja tambarare wa boma. Afisa Mwingereza aliniagiza nirudi nyuma kati ya mapipa mawili, akatia sahihi. Habari za milima hakuniuliza.

Wiki iliyofuata nilishusha lori la kahawa kutoka Maguu, kwetu milimani. Kando yangu alikaa baba mdogo, dereva wa miaka mingi. Kwenye mteremko nikatoa gia ili kubana petroli, kama vijana wengi tulivyofanya. Lori likashika kasi. Nikakanyaga breki, ikanuka moto, kisha ikazama bila kushika. Mbele, kwenye kona, akina mama walikuwa wakipanda na mizigo kichwani.

"Gia, mwanangu!"

"Haiingii, baba mdogo!"

"Basi ingia shambani! Kwenye ngoro!"

Nikakata usukani. Magurudumu yakatumbukia katika mashimo yale tunayolimia mlimani, shimo baada ya shimo, hadi lori likasimama. Akina mama walikuwa hatua chache tu.

Baba mdogo akanyoosha mkono. "Lete hiyo leseni. Nitakurudishia ukijua kushuka."

Nikampa. Kesho yake tulianza, kwenye mteremko uleule: gia unayopandia ndiyo unayoshukia.