Hotuba ya Jikoni

Afisa mazingira wa kiwanda cha rangi hufanyia mazoezi hotuba zake za Kiingereza jikoni, mwiko ukiwa ndiyo maikrofoni, mbele ya mama mkwe wake asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akikwama hukohoa, neno likija, hugonga sufuria. Jana alitiririka mwanzo hadi mwisho, akageuka kungoja sifa.

"Umeongea vizuri, mwanangu," mama alisema, akimenya vitunguu. "Ila pale katikati ulishika sikio, kama siku ile uliposifu mchuzi wangu ulioungua. Ulikuwa unasema nini?"

"Kwamba maji tunayomwaga mtoni ni safi."

Mama akaendelea kumenya. Afisa akaanza upya. Alipofika mtoni alikohoa, akakohoa tena, maana maneno ya kweli ya hapo hakuwahi kuyafanyia mazoezi.