Sugu za Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu alikuwa akipiga kitu kilekile kwenye gitaa tangu asubuhi. Sauti zinapanda moja moja mpaka juu, zinashuka moja moja mpaka chini, kisha anaanza tena. Wenyewe wanaita skeli. Nilimuuliza wimbo wenyewe utaanza lini.

"Huu si wimbo, Bibi. Ni mazoezi ya vidole. Bila haya jazi haipigiki."

"Jazi naijua. Zamani kila bendi ilijiita jazi, tukacheza mpaka soli za viatu zikaisha."

"Hii ni jazi nyingine, mke mwenzangu."

Nikaendelea kupepeta mchele. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini sikio ninalo. Akifika zile sauti za juu alikuwa anakimbia, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji akauona mlango wa kwao. Nikamwambia. Akanuna, akarudia, akapunguza mwendo. Ndivyo alivyo huyo wangu: ananuna huku anasikia.

Zilibaki siku mbili aende Kahama. Kuna mzee ana bendi inayopiga hotelini, mpiga gitaa wake kahamia Geita, naye alisema atamsikiliza msichana huyu mara moja tu. Mwaka mzima alikuwa akiitafuta nafasi ya namna hiyo.

Mchana akalala mkekani, gitaa kando. Ndipo nikauona mkono wake wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kwato za mbuzi. Nikaona aibu. Mimi nilivyolelewa, binti akienda kuonekana na watu, bibi yake humtengeneza. Nikaleta maji ya moto, nikaloweka vile vidole, nikachukua jiwe la kusugulia miguu na kusugua taratibu mpaka ngozi laini ikatokea. Kisha samli. Alifumbua jicho moja, akatabasamu, akalala tena.

Alipoamka alishika gitaa, akapiga sauti tatu, akaacha. Akavitazama vidole.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimekutakatisha."

"Zile zilikuwa sugu. Ndizo zinazobonyeza nyuzi. Zimeota mwaka mzima."

Hakunifokea. Angenifokea ningepata la kujibu. Alipiga tu, na kila alipopanda nilisikia pumzi yake ikikatika. Siku hizo mbili ugali haukunishuka. Ndege zilitua hapo uwanjani Ibadakuli, sikuinua hata macho.

Kahama nilimfuata bila kualikwa. Alimwamkia yule mzee shikamoo, naye akaitikia marahaba, akasema, "Nionyeshe vidole."

Akaushika mkono wake, akaugeuza. "Mwaka mmoja unapiga, na vidole vya kichanga? Binti, nimeshadanganywa na wengi."

"Huyo anapiga gitaa la kwenye simu," akasema mpiga ngoma.

Mzee akauachia mkono. Mjukuu wangu akatazama chini. Niliona kwamba hatanitaja, hata nafasi ikipotea. Nikainuka kwenye benchi.

"Mzee, mwongo hapa hayupo. Mjinga yupo, ni mimi. Sugu alikuwa nazo. Nilizisugua kwa jiwe la miguu akiwa usingizini, nikapaka na samli."

Bendi nzima ikacheka. Mzee hakucheka.

"Samli?"

"Ya ng'ombe wangu mwenyewe."

Akamtazama msichana. "Panda polepole. Halafu shuka."

Akapanda. Sauti ya nne nikaona damu kwenye uzi. Alipokaribia juu nikakaza meno, nikasema sasa atakimbia. Hakukimbia. Akafika, akageuka, akashuka moja moja mpaka chini.

"Kwa vidole hivyo humalizi hata nyimbo tatu," akasema mzee. "Nafasi nitakushikia mwezi mmoja. Ukija na sugu, umeingia. Usipokuja nazo, nitajua bibi yako ni fundi wa uongo."

Hii ni wiki ya tatu. Asubuhi akishaniamkia mwangaluka, nauomba mkono wa kushoto. Nabonyeza ncha moja moja, kama ninavyong'ata punje ya mpunga kujua kama umekauka. Vitatu vimekauka. Hiki cha mwisho bado.

"Keti, panda ushuke tena," namwambia. "Hicho kidogo kingali laini."