Ujazo wa Injini

Goti langu lilipogoma kabisa, mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliniletea kigari cha umeme cha magurudumu matatu. Kwa miezi miwili nikawa mtu tena. Kila asubuhi nilikwenda Mikindani kumwona mwalimu mwenzangu wa miaka mingi, aliyepooza na kupoteza kauli. Bajaji ya kukodi huniacha barabarani, na kutoka hapo kwenda kwake ni uchochoro wa mawe nisiouweza. Kigari kilinifikisha mlangoni.

Kisha trafiki akanisimamisha. Alinieleza kwa adabu kwamba vyombo hivi havina mlio, na kimoja kilikuwa kimemgonga mama aliyekuwa akigeuza makopa yake ya muhogo aliyoyaanika kando ya lami. Sasa kila kimoja lazima kisajiliwe, kifungwe namba. Sikubisha. Ningekuwa trafiki, ningejikamata mwenyewe.

Ofisi ya usajili nilimkuta binti niliyemfundisha darasa la tano. Aliniamkia kwa kupiga goti, akanipa kiti chake. Tulijaza fomu kwenye kompyuta vizuri tu mpaka tukafika penye ujazo wa injini. Kigari changu hakina injini, kina mota na betri chini ya kiti. Nikamwambia aruke hapo. Mfumo ukakataa. Aandike sifuri. Ukakataa pia.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia aandike ujazo wa pikipiki yoyote ya bodaboda, nani atakuja kupima?

Aliinamisha macho. "Mwalimu, ulinichapa kwa kubuni jibu."

Kweli nilimchapa. Nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Akaandika barua makao makuu kuuliza vyombo visivyo na injini viandikweje, na mimi nikaambiwa nisikitoe kigari nje mpaka jibu lije.

Huu ni mwezi wa tano nangoja. Nazunguka uani, kutoka jikoni hadi kwenye mpapai na kurudi, na magurudumu yameshachimba mfereji. Kuku wamezoea, hawanipishi tena. Majirani wanachungulia juu ya ua na kuniuliza nafika Nanyamba saa ngapi. Nacheka nao, kisha naingia ndani nikiwa nimevimba kwa uchungu. Mjukuu wa mwenzangu hunipigia simu na kumwekea bibi yake sikioni. Naongea peke yangu. Nasikia anavyohema, na kila wiki anahema kwa shida zaidi.

Juzi yule binti alipita kunijulia hali alipotoka kazini. Barua haijajibiwa. Alisema ameuliza tena, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama anakikumbuka kiboko kile.

"Nakumbuka, mwalimu. Ndicho kilichonifanya niaminiwe kazini."

Nilimshukuru, nikamsindikiza kwa kigari mpaka getini, mwisho wa safari yangu. Alipokwisha kuondoka nikatamani, Mungu anisamehe, kwamba siku ile darasani ningemwacha tu adanganye.