Nilimwamkia mama mkwe nikiwa nimelala kwenye ultrasaundi

Admin, naomba unifichie jina na uiweke leo leo, kesho itakuwa nimechelewa. Bagamoyo ni ndogo na aibu niliyonayo inanitosha.

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa madirisha ya aluminiamu, nakaa Kerege. Nina mchumba, nitamwita Rahma, kwao ni Bagamoyo mjini. Posa imepokelewa na ndoa tumeipanga baada ya Idi.

Utotoni korodani yangu moja ilichelewa sana kushuka, na zote mbili zimebaki ndogo. Jandoni wenzangu walinitania mpaka nikajifunza kuoga peke yangu. Mwaka huu zikaanza kuniuma kwa mbali, daktari akaniandikia ultrasaundi. Kerege sikutaka, watu wa zahanati wote wananijua, madirisha yao nimefunga mimi. Nikajifanya mjanja, nikaenda kliniki moja Bagamoyo.

Mpimaji alikuwa kijana wa rika langu, nikashusha pumzi. Akanipaka ile jeli ya baridi, akaanza kupima, kisha akarudia palepale mara ya pili. "Bro, usiogope, namwita mkubwa wangu wa kazi athibitishe kitu."

Akaingia mama mmoja mwenye barakoa, macho yake moja kwa moja kwenye kioo cha mashine. Sasa mimi nimelelewa kuamkia wakubwa, mdomo ukanitangulia: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" Halafu akageuka kuniangalia. Juu ya barakoa nikayatambua macho: ni mama yake Rahma! Nilijua anafanya kazi hospitali, lakini nilidhani yuko wodi ya wazazi, si kwenye kliniki hii. Wallahi ningefunga mdomo wangu asingenitazama usoni kabisa. Alinivutia shuka, akanipa mgongo, akamwambia kijana, "Endelea kupima, mimi naangalia kioo." Mkwe wangu, jamani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye daktari wa pale kliniki alinieleza kwamba ndani ya korodani zote mbili kuna vichembe vya chokaa. Alisema kuna watu wanaishi navyo maisha yao yote bila tatizo. Ila mimi, kwa kuwa moja ilichelewa kushuka na zote ni ndogo, nijipapase kila mwezi na nirudi kupimwa, maana wa aina yangu wako kwenye hatari zaidi ya kupata uvimbe wa saratani. Akataka pia niende Dar wanipime damu kuangalia vinasaba, kuna wanaume wanazaliwa na hitilafu inayofanya korodani ziwe ndogo na kupata mtoto iwe shida. "Hujakosea kitu," akaniambia. "Na hata ukiwa uvimbe, ukiwahi unatibika."

Sikurudi, wala Dar sikwenda. Niliogopa kile chumba kuliko nilivyoogopa saratani. Hata kwa kina Rahma nikaacha kwenda, nikisingizia kazi za Chalinze. Alinipigia analia, "Kama umepata mwingine niambie tu nijue moja." Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona bora aamini hivyo.

Wiki iliyopita nikiwa naoga nikagusa kitu kigumu kama punje ya kunde kwenye korodani ya kushoto. Hakiumi hata kidogo. Tangu siku hiyo usingizi sina.

Ijumaa mama mwenyewe akaja karakana kwangu, eti anatafuta dirisha la jikoni. Alizungumza huku anaangalia vioo vilivyoegemea ukutani, asinitazame.

"Mwanangu, ninayoyaona kazini hayatoki kazini, hata baba yake Rahma hayajui. Rahma sitamwambia, si yangu kuyasema. Ila usimuoe bila kumwambia. Na usije ukafa kwa kunionea haya mimi."

Nikachukua futi nikaanza kumwuliza vipimo vya dirisha ambalo wote wawili tunajua hana haja nalo. Lile gumu sikumtajia. Aliponiaga nilisema "inshallah" nikiwa nimeinamia sakafu, basi.

Jana akanitumia ujumbe: "Jumatatu nimeomba ruhusa, sitakuwepo kazini. Atakuwepo yule kijana peke yake. Njoo upime, mwanangu." Jumatatu ndiyo kesho. Na asubuhi hii Rahma, ambaye hajui lolote na pamoja na shaka zake bado hajanikatia tamaa, amenitumia picha ya kanzu ya harusi, anauliza kama itanitosha mabegani. Mpaka sasa sijamjibu.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini nishaurini. Nimwambie Rahma leo, aje anishike mkono kesho mlangoni pa chumba kile? Au niende peke yangu, na nikikuta ni baya nimwache aamini kweli nimepata mwingine?