Pepeta za Baba Mkubwa

Kila nikipita sokoni Kibiti nikasikia harufu ya pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, hugeuza njia.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi wakaanza kuufuata mpunga wetu mpaka shambani, baba alikuwa kishakufa. Baba mkubwa akatunyang'anya shamba la bondeni, yeye na mwenyekiti wa kijiji aliyemgongea muhuri. Siwafichi. Tukabaki na kipande cha kando ya mto.

Kwetu mpunga mpya huonjwa kwanza na mkubwa wa ukoo. Mama akajaza bakuli pepeta, akanituma kwake. Jirani aliyekuwa akitwanga naye akaacha mchi.

"Shoga, una wazimu? Huyo mpelekee pumba!"

Mama akacheka. "Leo nimesoma kwenye Biblia, adui yako akiwa na njaa mpe chakula. Pumba sikuziona."

"Basi hukusoma vizuri."

Nilikwenda mbio, bakuli likiniunguza kifua, nikijua akionja tu atarudisha shamba. Alikula zote nikimtazama. Akanipa bakuli tupu, hata chumvi hakutia, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Nilirudi nalia. Mama akanifuta makamasi kwa upindo wa kanga iliyonuka moshi.

"Umefika salama, mwanangu. Yatosha."

Akatutilia zilizobaki, akaomba, akamwombea na baba mkubwa kwa sauti ileile aliyotuombea sisi wanawe. Nilifumba macho kama wenzangu. Ila amina sikuitika.